Shuka Mpaka kwa Mkuyu

Kila mwaka wanafunzi wapya wanaporipoti, mimi hukaa kwenye meza langoni mwa chuo chetu hapa Migori, niwaelekeze. Watu husema ni kazi rahisi. Asemaye hivyo hajaulizwa choo kiko wapi tangu asubuhi hadi jua linapozama.

Mwaka mmoja, siku ya mwisho ya usajili ilikuwa Ijumaa, na dirisha la karani lilikuwa lifungwe saa kumi na moja kamili. Saa kumi hivi akaja mwanamume wa makamo, koti zito mwilini juani, bahasha ya vyeti kifuani. Alikuwa ametoka Ntimaru, mbali na hapa. Alikuwa amefundisha watoto miaka mingi bila cheti cha ualimu, na nafasi hii ya chuo alikuwa ameshaiahirisha mara moja. Mara ya pili hairuhusiwi.

"Madam, registration ni wapi?"

Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na sura zote zimeanza kufanana.

"Ni hapo tu, mwalimu. Shuka mpaka kwa mkuyu, kata left, pita kwa wamama wa chapati, utaona mlango ya blue."

Alinishukuru mara mbili. Sikumtazama akienda.

Mkuyu ulikuwa umekatwa miaka mitatu kabla. Kisiki kiling'olewa, nyasi zikapandwa. Wauza chapati walishahamishiwa nje ya ukuta. Lakini sisi wa hapa huelekezana kwa vitu vilivyokwisha kufa, na tunafika, maana kwetu bado vipo. Mgeni hana macho hayo. Hata aliowauliza njiani walimjibu vilevile: shuka mpaka kwa mkuyu.

Nilimkuta baada ya kufunga meza yangu, amesimama katikati ya zile nyasi.

"Nimetafuta hiyo mti, madam. Sijaiona." Alisema kwa aibu, kama mwanafunzi aliyesahau somo.

Tulikimbia pamoja. Dirisha limefungwa, karani keshatuma orodha. Niliomba, nikagomba, nikaomba tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu hapo ananiandama. Nikiona koti zito kwenye foleni nadhani ni yeye, kumbe ni mtu mwingine. Siwezi kuzikanyaga zile nyasi; nazizunguka. Naogopa, na sioni haya kusema naogopa.

Mwezi uliopita nilijikaza nikapiga namba aliyoiacha kwenye daftari la lango. Akapokea mke wake. Nikamwambia natoka chuoni, nataka kuzungumza juu ya siku ile. Nilikuwa nimejipanga kuomba msamaha, lakini akaniwahi.

"Pole sana, madam. Mzee alituambia ni yeye alichelewa kutoka nyumbani. Hata watoto amewaambia hivyo, ati wajifunze kuamka mapema. Anasema nyinyi mlimwonyesha njia vizuri kabisa. Mumsamehe tu."

"Hakuna shida, mama," nikasema, nikakata simu.