Lilian na Programu Iliyokumbatia Meseji

Haya hamtayaamini, hasa ninyi mnaonijua. Mpwa wangu Lilian aliokoa kazi yake kwa sababu ya ndizi.

Ni mtoto wa dada yangu Benadetha wa Nyanga: mwembamba, mkimya, anakula kuliko wachimba mitaro. Ofisi anayofanyia kazi inatuma meseji za boti ya kisiwa cha Goziba. Boti ikiahirishwa, abiria wajulishwe. Ila meseji zilikuwa zinawakuta watu wameshakaa ufukweni asubuhi nzima na kuku wao. Lilian alikuwa bado kwenye majaribio, na bosi wake, Johnson, alishamwambia zikichelewa tena arudi kwa mama yake kupalilia kahawa.

Siku ya kipaimara cha mdogo wake, wanawake wanamenya ndizi uani, Lilian yuko pembeni na kompyuta.

"Meseji ziko foleni, mjomba. Programu nne zinazichukua na kuzituma. Moja imeelemewa, tatu zimekaa tu."

Mimi niliishia darasa la sita, kwa hiyo kompyuta naielewa. Nikamwambia aizabe kofi.

Hakunisikia. Alikuwa anamtazama Mama Klaudia, ambaye humenya polepole kwa sababu ya maneno mengi, lakini hataki kuitwa mvivu. Mkungu ukishushwa tu, anazivutia ndizi zote kwenye jani lake. Wenzake wamekunja mikono.

"Mama Klaudia, wagawie wenzako," Lilian akamwambia.

"Hizi nimeshazichukua, jamani waitu. Nitazifikia."

Lilian akainamia mipangilio. Kumbe kila programu iliruhusiwa kuchota meseji mia tano kwa mkupuo, kabla haijatuma hata ya kwanza. Iliyowahi ilizikumbatia zote.

"Weka moja moja," nikaamuru.

"Mjomba, Mama Klaudia akipewa ndizi moja moja si atashinda anainuka kufuata nyingine? Chane moja moja. Akikaribia kumaliza, anaongezewa."

Akapunguza zile mia tano zikawa chache. Programu zote nne zikaamka, foleni ikayeyuka. Mchana ziwa likachafuka kwa upepo, boti ikaahirishwa, na shemeji Aroni, aliyekuwa asafiri nayo, akapiga simu kutoka Muleba: meseji imemkuta hata kuku hajawafunga miguu.

Jumatatu Johnson akamthibitisha kazini. Ila mjue, kwanza alinipigia mimi, akaniketisha kwenye kiti chake, akasema mzee, hii akili ya chane umeitoa wapi, nami nikambonyezea pale kwenye—

"Mjomba, Johnson hata hakujui. Na wakati nabonyeza, wewe ulikuwa umelala juu ya maganda."