Mbwa Aliyekuwa Chini ya Masizi

Ukitaka kumjua Mzee Cornel wa Makutupora, usianzie shambani kwake. Zabibu zake ni za kawaida, na nusu yake ni za ndege. Msubiri Sikukuu ya Ekaristi, anapobeba msalaba mbele ya maandamano. Kwa miaka thelathini na mmoja hajamwachia mtu, hata mwaka ule alioumwa mgongo.

Maandamano yenyewe aliyapanga yeye, kwa kuiga picha kubwa ya kale tuliyoachiwa kanisani na mapadri wa zamani. Katika picha hiyo, Wazungu wa karne zilizopita wanaingia kanisani na mishumaa na mwavuli wa hariri. Mbeba msalaba, akiwa mlangoni, amegeuka kutazama nyuma. Basi Cornel naye akifika mlangoni husimama, hugeuka, hutazama nyuma kwa taadhima, ndipo huingia. Katekista alipouliza maana yake, akajibiwa kwamba ni kuwakumbuka waliobaki nyuma katika imani. Jibu hilo likaingia kwenye mafundisho ya kipaimara. Mimi mwenyewe nililikariri.

Mwaka huu akaja Anitha, fundi wa kusafisha picha za kale. Alifuta moshi wa mishumaa na vumbi la Dodoma, ambalo haliogopi hata altare. Siku ya tatu, pale chini palipojaa masizi, akatokea mbwa. Mbwa mdogo mweupe, ameng'ang'ania kanzu ya mbeba msalaba kwa meno.

Tulicheka, Mungu atusamehe; paroko alikimbilia sakristia ili acheke vizuri. Cornel hakucheka. Alikwenda nyumbani akamwambia mkewe, Dorothea, kwamba msalaba apewe mwingine, yeye aibu hiyo haiwezi. Haya alinisimulia Dorothea mwenyewe. Cornel alimkuta akichambua majani ya mlenda. Kwenye maandamano yeye hutembea mstari wa mwisho wa akina mama, kwa sababu ya mguu wake mbovu.

"Kumbe ulikuwa unamwiga Mzungu," alimwambia mumewe. "Mimi miaka yote nilidhani unaangalia kama nimefika."



Jumapili ya sikukuu alibeba msalaba. Alipofika mlangoni akasimama, akageuka. Watoto wa kipaimara wakaanza kuchekacheka. Yeye akaendelea kutazama, kwaya ikamaliza beti zote ikaanza upya, mpaka Dorothea, akichechemea, akakanyaga ngazi ya kwanza. Ndipo akaingia.