Mpaka wa Mananasi, Masingini

Watu wa mjini hudhani Unguja nzima ni bapa kama sahani. Waje wapande Masingini na kikapu cha muhogo kichwani, halafu tuzungumze! Kutoka shambani kwetu, magharibi uliiona bahari ya Bububu, na mashariki ardhi ikiteremka mpaka kwenye uwanda wa mawe, ambako jembe halina kazi. Sisi tulikuwa juu, penye udongo mwekundu.

Eka tatu hizo mama alipewa baada ya Mapinduzi, yeye aliyechuma karafuu za watu tangu usichana wake. Mpaka wa juu, baina yetu na jirani, aliupanda mananasi. Kila tukikata nanasi, mimi nilichomeka chipukizi lake upande wa juu, maana mama aliogopa mvua isije ikalikokota bondeni pamoja na udongo.

Mwaka wa sita jirani akaja, kofia mkononi. "Bi mkubwa, ile mikarafuu miwili ya juu ni yangu."

"Thubutu!" mama akasema. "Miti hiyo nnaipalilia mimi. Mwite mpimaji aje na kamba yake. Itakapopita, ntaifuata."

Miwili ile ndiyo iliyozaa kuliko yote. Tungeikosa, tungebaki na mikongwe mitatu na muhogo. Siku ya kupima mama alivaa kanga mpya, akasimama kidete. Mpimaji akafunga kamba kwenye jabali lililokuwa alama ya mwanzo, akaivuta moja kwa moja mpaka kwenye chemchemi, alama ya pili. Ikapita upande wa chini wa mananasi yetu, hatua kumi nzima. Mikarafuu miwili ikabaki kwa jirani.

Miaka sita ya machipukizi, moja moja, kwa mkono wangu mwenyewe! Nikamwambia mama mbele ya watu: ni mimi niliyeupandisha mpaka. Hakunigombeza. Aliutazama ule mstari wa mananasi, kisha akaomba jembe.

"Acha, Bi mkubwa," jirani akasema kwa haya. "Malizia msimu huu, utang'oa baadaye."

"Nshasema ntafuata kamba."

Tuling'oa mpaka viganja vikatoka damu. Mama alikuwa analia waziwazi huku analima, na hakupumzika hata mara moja. Sijapata kumwonea fahari vile. Tulipomaliza, alikwenda kwenye mkeka zilikoanikwa karafuu za miti ile, akazizoa zote akazitia kwenye pakacha, akamwekea jirani miguuni.

"Na hizi pia," akamwambia, "ni zako."