Mabati ya Bi Tatu

Mwaka wa arobaini na saba, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, mwenye nyumba wangu wa Kariakoo aliutoa mkeka wangu nje akasema chumba kampa mpwa wake, na hapo ndipo dhiki yangu ilipoanza, na ndipo ulipoanzia pia mkasa huu ambao wajukuu wananicheka nao mpaka leo. Nimeona bora niuandike mwenyewe, maana wanaousimulia wanautia chumvi, na aibu ile haikuhitaji chumvi. Shule nilisoma madarasa mawili tu, kwa hiyo anayetaka maneno ya kupambwa akatafute kwingine.

Siku hizo nilikuwa mchukuzi sokoni. Mzee Kondo, Mzaramo wa Tandale, nilikuwa namshushia magunia yake ya nazi, na aliposikia sina pa kulala akanikatia kiwanja ubavuni mwa shamba lake. (Tandale ile msiipime kwa hii ya leo, ilikuwa minazi, mihogo na nguruwe mwitu, na kiberiti kikikuishia unaomba moto kwa jirani.) Nikahamia na mkeka, sufuria moja na mabati yangu. Mabati hayo niliyanunua mojamoja kwa jasho la mgongo, na nilikuwa nayo kabla sijawa na ukuta wa kuyawekea. Kila apitaye nilimwonyesha, nikimwambia mie mtu wa mjini siwezi kulala chini ya makuti kama popo.

Mambo ya shamba sikuyajua hata moja. Nilipalilia mpunga wa watu nikang'oa mpunga nikaacha majani, na bado nilitembea kifua mbele. Asubuhi nilikuwa namsikia mkwezi wa Mzee Kondo chini ya minazi akipaza sauti, "Jamani napanda, napanda," kisha anangoja mpaka aitikiwe majumbani ndipo akwee, nikajisemea huyu bwana anapenda kusikika tu. Sikuuliza. Mtu wa mjini haulizi.

Sasa, Mzee Kondo alikuwa na binti, Mwajuma, mwenye ulimi mkali na kicheko cha kumfanya mtu asahau njaa, na mie nikamtaka hasa, nikamtuma mchukuzi mwenzangu Sefu apeleke posa. Siku ya jibu Sefu alikaa barazani na wazee, akaja mjomba wa Mwajuma, mtu mkavu, kanzu imenyooka kama ubao, na neno lake ndilo lililokuwa likingojwa. Kwa desturi nilitakiwa nitulie kwangu. Lakini kwangu na kwao ni hatua chache, nikasikia Mzee Kondo analalamika barazani kwamba mkwezi kaenda msibani na mgeni hana hata dafu la kupoza koo. Nikatokeza.

"Shikamooni. Madafu nitaangua mie."

"Marahaba. Mnazi unaujua wewe?" akauliza mjomba.

"Nazi nazijua sana, mzee." (Kweli nilizijua. Ndani ya gunia.)

Sefu akanikonyeza nirudi nyumbani, nikajifanya sikumwona. Nikachomeka panga kiunoni, nikaparamia mnazi uliokuwa pembeni mwa nyumba, kimyakimya, maana nilitaka wastaajabu wakiniona niko juu. Na kufika nilifika, nikakumbatia makuti nikihema, nikatazama chini ili nione wanavyonitazama, na chini yangu pale pale palikuwa na ua wa makuti usio na paa, na ndani ya ua Bi Tatu, mama yake Mwajuma, povu kichwani, kata ya maji mkononi, anaoga.

Akainua uso. Tukatazamana.

Mtu mwenye akili angefumba macho akawa sehemu ya mnazi. Mie nililelewa nimwamkie mkubwa popote ninapomkuta. Nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barazani, "Shikamoo, mama."

Barazani nikamsikia Sefu anasema polepole, "Tumekwisha."

Ndipo nikafumba macho, lakini nimechelewa, na kwa kufumba macho nikatia mkono kwenye kiota cha maji moto, wale siafu wekundu wa mitini, wakaniingia kwenye suruali kama wana hamu yangu ya siku nyingi. Nikawa nacheza huku nimekumbatia mti, panga likakata lilichokikata, na shada zima la madafu likashuka juu ya ua wa Bi Tatu na kuulaza chini upande mzima, ule wa barazani. Kwa rehema za Mungu alikwisha jifunga kanga. Akatoka na povu lake kichwani, wazee wote wakatazama viatu vyao.

"Mume wangu," akamwambia Mzee Kondo, "huyu ndiye mkwe uliyeniletea? Anayebisha hodi akiwa ameshaingia?"

"Mama, nashuka," nikasema.

"Ukae huko huko mpaka nivae."

Nikakaa, na wale maji moto nao wakakaa. Nikamsikia mjomba anatoa neno lake: mtu asiyejua kuwa mkwezi hutangaza ili wanawake wajistiri, huyo hana adabu, na binti hapewi. Moyo ulishuka kabla yangu. Kisha jikoni kikasikika kicheko, Mwajuma, anacheka mpaka anakohoa, na mama yake, aliyekuwa kavaa sasa, akajaribu kukasirika akashindwa.

"Kaka," akamwambia mjomba, "adabu anayo, ameniamkia. Kilichopungua ni akili. Akili atafundishwa. Ila ua wangu umevunjika, na mie makuti sitaki tena. Nataka choo chenye paa, mtu akiwa juu aone bati." Akanitazama kule juu. "Mabati si unayo, baba? Umetuonyesha wote."

Mjomba, yule mkavu, akacheka. Ikawa ndiyo posa yangu. Nikamjengea choo kwa mikono yangu, nikapigilia mabati yote, halikubaki hata moja, na masika yaliyofuata mie na Mwajuma tulihamisha mkeka kutoka pembe hadi pembe chini ya makuti yanayovuja, huku mama mkwe anaoga pakavu.

Leo nina nyumba mbili za tofali, mashine ya kukoboa mpunga, redio, cherehani, minazi ya kurithi na ya kupanda mwenyewe, watoto saba, na Mwajuma, ambaye bado anacheka. Mnazi sijaukwea tena na siukwei. Nikitaka dafu naita mkwezi, na anayetangaza ni mie, nazunguka nyumba kwa nyumba mpaka niitikiwe. Mabati sikuyataja kwa sababu si yangu. Bado yako juu ya choo cha Bi Tatu.