Niko na Sukari

Tulijua mume wangu ni mgonjwa siku lori lilipochemka njiani kuelekea Merti na kukawa hakuna maji ya kutia kwenye rejeta. Mtungi wa akiba ulikuwa mtupu. Haukuvuja wala haukuibwa. Mume wangu alikuwa ameumaliza kwa kinywa chake, akiendesha.

Tanboi wake, utingo wa lori, ndiye aliyeniletea habari. Walikuwa wamelala porini wakisubiri gari lingine liwasaidie, na aliponifikia pale Isiolo midomo ilikuwa imempasuka kwa kiu.

"Salaam aleikum, mama," akasema. "Mzee amekunywa gari."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, maana mambo mengine nilikuwa nimeyaona mwenyewe. Suruali zake zilikuwa zinashikiliwa na kamba. Alikuwa anaamka kwenda choo mpaka akachimba njia uani. Na pale alipokojoa, sisimizi walikuja kama wamealikwa harusini.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni. Mume wangu alikuwa na lori moja, la kupeleka bidhaa za duka huko kaskazini na kurudi na ngozi na mbuzi. Babu yake aliletwa Isiolo na jeshi la mkoloni, akaachwa hapo vita vilipoisha, na tangu wakati huo wanaume wa ukoo ule hawakutembea kwa miguu kama kulikuwa na gurudumu karibu. Mtu wa namna hiyo ndiye tuliyempeleka hospitali.

Daktari, kijana mpole kutoka upande wa Meru, alimpima, akamtazama, akamwambia, "Mzee, uko na sukari."

"Nilikuwa nayo," mume wangu akajibu. "Nimeshusha yote Merti. Hata gunia moja halikubaki."

"Si ya lori, mzee. Ya damu."

Ikabidi aelezwe pole pole. Vidonge asubuhi na jioni. Chai bila sukari. Nyama ya kukaangwa ndani ya mafuta, ile nyirinyiri tunayoweka kwenye kopo na kula safarini, aiache. Ale mboga na maharagwe, ale kwa wakati, wali uwe kidogo. Atembee kila asubuhi mpaka jasho limtoke. Na mimi nikapewa chupa ya dawa ya bluu na kijibomba cha kioo. Unatia dawa, unadondoshea mkojo, unachemsha. Ikibaki bluu, vizuri. Ikiwa kijani, sukari imeanza kuonekana. Ikiwa manjano, imezidi. Ikiwa nyekundu kama tofali, rudi hospitali.

Tulichemsha mara ya kwanza kwenye jiko langu, kando ya birika la chai. Mama mkwe, aliyekuwa akikaa nasi, alivuta kigoda akaja kutazama. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na macho yake yalikuwa mazuri. Bluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, na mwishowe kile kioo kikajaa wekundu mzito.

"Mashallah," akasema mama mkwe. "Sasa imeiva."

Nilimweleza kwamba hiyo ndiyo rangi mbaya. Hakukubali. Maisha yake yote hakuwahi kuona kitu jikoni kinachoharibika kwa kuwa chekundu, wala kinachopendeza kwa kubaki bluu. Kila asubuhi alimwombea mwanawe wekundu.

Chakula nacho kilikuwa vita. Nilikuwa naagiza mboga za Rapsu, kule kwenye mashamba ya kumwagilia, zinakuja na pikapu ya Kinna zikiwa zimelala kidogo kwa joto. Mume wangu alizitazama kwenye sahani kama mtu aliyepewa kazi ya kuhesabu nyasi. Mama mkwe aliniuliza mbele yake, "Mwanangu amekosa nini mpaka analishwa kama kondoo?"

Lakini alikula. Alikuwa ameogopa, ingawa hakusema. Na siku ya Jumatatu alivaa viatu, akachukua fimbo, akatoka kutembea.

Hakurudi asubuhi. Hakurudi adhuhuri. Alasiri ndipo alipoingia na kabichi kwapani, mkavu, hana hata tone la jasho.

"Ulikuwa wapi?"

"Kinna," akasema kwa hasira.

Alikuwa hajafika hata mwisho wa mji, pikapu ikasimama. Dereva alimwona mwenye lori anatembea kwa miguu, akadhani ni balaa, akamfungulia mlango. Mume wangu hakujua namna ya kumwambia mtu kwamba anaenda mahali pasipo na mwisho halafu anarudi. Aliona haya, akapanda. Kesho yake lori la mbao lilimfikisha njia ya Nanyuki. Keshokutwa alipandishwa kwenye gari la ng'ombe. Wiki nzima mume wangu alifanya mazoezi akiwa amekaa.

Mji ukaanza kunong'ona kwamba lori limeuzwa. Jirani aliniletea bakuli la anjera, zile chapati laini za unga uliochachuka, akanishika mkono. Mzee mmoja wa Kiborana aliyezoea kununua mbuzi naye alileta maziwa, akasema Mungu ndiye hutoa na ndiye hutwaa. Mume wangu aliona aibu ya kufa. Akaenda kwenye hoteli ya chai wanakokutana wenye magari, akasimama katikati, akatangaza:

"Nyinyi watu, mimi sina shida yoyote. Niko na sukari tu."

Ni lazima niseme hapa kwamba msimu ule sukari ilikuwa imepotea madukani. Watoto walikunywa chai kavu. Wenye duka walikuuzia kidogo kwenye karatasi, tena kwa kunong'ona. Kwa hiyo mwenye hoteli akaweka birika chini.

"Ni nyingi?" akauliza.

"Daktari anasema imepita kiasi."

"Na uko nayo tangu lini?"

"Inaonekana ni muda mrefu. Mimi mwenyewe sikujua."

Alirudi nyumbani ametulia, akasema watu sasa wameelewa. Bado anavua viatu, nikasikia sauti langoni. Nikatoka. Wanawake walikuwa wamejaa barabarani na masufuria, mitungi, hata beseni la kufulia.

"Tumesikia mzee ako na sukari," mmoja akasema.

"Ni kweli," nikajibu, nikiguswa kwamba wamekuja kumjulia hali kwa wingi namna ile.

"Basi tugawie."

"Jamani, haigawanyiki. Ni yake peke yake."

Nilidhani hilo lingewatuliza. Wakapiga masufuria. Mmoja alisema nina roho ya jiwe. Mwingine alisema watoto wake wanakunywa maji ya moto na mimi nimelalia magunia. Kadiri nilivyosema iko ndani ya mwili wake, ndivyo walivyozidi kuamini kwamba ni fumbo la wafanyabiashara.

Ndipo askari wa chifu akaja, mtu mrefu, mnene kiasi, kofia mkononi kwa sababu ya jasho.

"Habari, mama. Tumeambiwa mzee anaficha sukari."

Mume wangu akatoka chumbani. "Sifichi," akasema. "Nimetangaza mwenyewe. Ngoja nikuonyeshe."

Akachukua kijibomba, akaenda uani, akarudi. Askari akakaa kwenye kigoda. Mama mkwe, aliyeelewa kwamba serikali imetuma mtu kukagua matokeo, alipuliza makaa kwa bidii akasimama nyuma ya mwanawe kwa fahari. Tukachemsha. Bluu, kijani, manjano, rangi ya chungwa.

Askari alikiinamia kioo kile. "Hii ndiyo sukari?"

"Ndiyo hiyo."

"Na ile ingine?"

"Hakuna ingine. Na hii sikuitaka."

Akainuka, akaenda langoni, akainua mkono watu wanyamaze. "Sukari iko," akatangaza. "Nimeiona kwa macho. Lakini imo kwa mkojo wa mzee. Anayetaka apange laini."

Watu walitawanyika wakitema mate chini. Alibaki mama mmoja tu na sufuria yake, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ikichemshwa sana inaweza kukauka ikabaki chembechembe.

Siku chache baadaye askari yule alirudi, hana kofia wala rungu, akabisha kwa kidole kimoja. "Mama, ile dawa ya bluu imebaki?" Alikuwa anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, akasema, na nyuma ya nyumba yake sisimizi walikuwa wengi. Tulipochemsha ya kwake haikusita kwenye kijani wala manjano. Ilienda moja kwa moja kwenye tofali.

Mama mkwe akapiga makofi. "Huyu amemshinda mwanangu!"

Askari alikaa kwenye kigoda, akayashika magoti yake kwa mikono miwili. Mume wangu akamwekea mkono begani, akamwambia, "Kesho twende wote kwa daktari. Halafu tutatembea."

Wakatembea. Kila asubuhi walitoka pamoja, mume wangu na fimbo yake, askari na sare zake, wakapita soko la mifugo mpaka kule miti inapoisha na kurudi. Na hapo ndipo mazoezi yalipoanza kweli, kwa sababu hakuna dereva aliyethubutu kusimama kumpa lifti mtu anayesindikizwa na askari. Mji mzima uliamini mume wangu amekamatwa, kila siku, asubuhi ile ile, na kila siku anaachiliwa kabla ya saa mbili. Msikitini wakamwombea dua. Mzee wa mbuzi alimsimamisha askari barabarani akamsihi, "Mwachie huyu, ni mtu mzuri," na askari, akihema, akamjibu, "Siwezi, mzee. Nikimwacha, na mimi nimekwisha."

Jasho lilimtoka mume wangu. Mwili ulirudi, mkanda ukashika tena. Baada ya miezi, dawa ilianza kusimama kwenye kijani, na asubuhi moja ilichemka, ikachemka, ikabaki bluu. Mimi nilikaa chini jikoni nikalia. Mama mkwe alitazama kioo, akamtazama mwanawe kwa huruma, akamwambia asikate tamaa, kesho ataweza.

Askari alihamishwa mwaka uliofuata. Mume wangu aliendelea kutembea peke yake, maana kufikia hapo alikuwa amejifunza kuwaambia madereva hapana, na wao walikuwa wamechoka kuuliza. Jioni nilimwosha miguu kwenye beseni, kama daktari alivyoniagiza, maana mwenye sukari huweza kuumia mguu asihisi, nikapitisha kidole katikati ya vidole vyake kutafuta mwiba au kidonda. Alisema namtekenya. Nilimwambia anyamaze, nikaleta taa karibu, nikaendelea kutazama.