Sauti ya Gari la Chanjo

Kwanza ilikuja pumzi. Mtu alipuliza kwenye kipaza sauti, fuu, fuu, akakigonga kwa ukucha, na mlio ule ukapita juu ya mabati ya kambi nzima kabla hatujaona gari wala vumbi lake. Mama alikuwa anapepeta unga wa bukari, ndiyo ugali wetu. Akaweka ungo chini.

"Leta karte ya mutoto," akaniambia. "Gari ya chanjo inakuya."

Nilipanda kiti, nikachukua karte, ile kadi ya chanjo ya mdogo wangu, juu ya kabati, nikatoka mbio. Barabarani wanawake walikwisha kujipanga, watoto mgongoni, karte mkononi. Katika kambi yetu ya wachimbaji, pale Kolwezi, pumzi ile ilikuwa na maana moja tu: sindano zimekuja.

Sauti ya gari lile tuliipenda. Ilikuwa ya watu wawili. Mwanamume aliuliza na mwanamke alijibu, kama mume na mke wanaogombana kwa mapenzi jikoni. "Mama, haya maji umechemsha?" "Nimechemsha, tata. Sasa weye, mikono umenawa?" "Nitanawa Siku ya Mungu, nikienda kanisa!" Kambi ilicheka, na ilipomaliza kucheka ilikwenda kunawa. Baba yangu, dereva wa malori makubwa ya shimo la shaba la Mashamba, zamani alimdharau kila mwanamume aliyembeba mtoto kumpeleka kwenye mizani. Gari likawatania wanaume wa namna yake mara kadhaa. Mwezi mmoja nikamwona mwenyewe kwenye mstari mbele ya fuaye, ile nyumba ya kampuni ambamo wanawake walifundishwa kushona na kulea. Alikuwa na kofia ya kazi kichwani na mdogo wangu begani, akikodoa macho mbele kama mtu anayepigwa picha.

Mwenye sauti ya kike alikuwa jirani yetu, muuguzi wa fuaye. Baba yake aliletwa na kampuni kutoka jimbo la Kasai akiwa kijana, aje kuchimba shaba. Yeye alizaliwa kwenye hospitali ya kambi, kama mimi. Nyumba zetu zilitengwa na ua wa miti, na mimi na binti yake tulikuwa tumetoboa tundu kwenye ua huo, tukipitishiana mahindi ya kuchoma na siri. Sikuwa na rafiki mwingine, wala sikuona sababu ya kumtafuta.

Siku ile jirani naye alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, aproni nyeupe imepigwa pasi, sanduku la barafu miguuni. Alikuwa ameisikia pumzi kama sisi. Nadhani aliwaza kwamba wamesahau kumpa habari, na kwamba gari limekuja kumchukua kama siku zote.

Gari likakata kona. Sauti ikawa ya mwanamume peke yake.

"Bamama, batata, musikilize. Inchi hii iko na benyewe. Bale ba Kasai barudie kwabo. Gare ya treni iko, treni iko, njia iko." Alisema polepole, sentensi fupi fupi, kwa utamu uleule aliotufundishia kufunika chakula. Kisha akauliza, kama alivyozoea kuuliza: "Bilulu bikiingia mu unga, mama anafanya nini?"

Bilulu, yaani wadudu, kila jiko liliwajua. Akaacha pengo pale ambapo zamani mwanamke alikuwa anajibu. Na katika pengo lile, mwanamke mmoja kwenye mstari wetu, mtu mpole kabisa, mwenye mtoto mgongoni na karte mkononi, akaitika kwa mazoea tu:

"Anapepeta!"

"Njo vile," likasema gari. "Anapepeta."

Lilipofika mbele ya nyumba ya jirani, dereva akapunguza mwendo. Mguu wake ulizoea kusimama pale. Jirani akainama kulinyanyua sanduku. Gari likaongeza moto, likapita. Hakuna aliyeondoka barabarani. Tulisimama hadi sauti ilipozama upande wa pili wa kambi, tukingoja ile sehemu ya mwisho ambayo husema sindano zitachomwa wapi.

"Sasa sindano iko wapi?" mtu akauliza.

Jirani aliingia ndani na sanduku lake. Wanawake wakaficha karte vifuani, wakatawanyika bila kuagana.

Kesho yake niliinama kwenye tundu la ua. Lilikuwa limezibwa kwa gunia kutoka upande wao. Niliita jina la rafiki yangu kwa sauti ya chini. Nilisikia nyayo zikija, zikasimama karibu, zikarudi. Siku zilizofuata nilikaa pale na mahindi mawili mapajani, nikayala yote mawili.

Wakati huo shimo lilikuwa limelala. Malori ya Mashamba yalisimama bila vipuri, mshahara ulikuja ukipenda. Safu kwa safu, nyumba za kambi zilikuwa zinabaki wazi. Wakasai waliokaa humo walikwisha kwenda kulala stesheni na magodoro yao, wakingoja behewa lolote linalokwenda mbali. Watu waliobaki waling'oa milango na vioo. Nilipotumwa kununua chumvi nilipita kati ya nyumba zisizo na macho, na vishindo vyangu vilinirudia kutoka ndani kana kwamba kuna mtoto mwingine anatembea nami. Niligeuka mara nyingi. Nilitamani awepo.

Halafu surua ikaingia. Ilianzia mistari ya nyumba za chini, karibu na mfereji: macho mekundu, kikohozi kikavu, kisha vipele. Mwaka mwingine wowote kambi ingekimbilia fuaye. Lakini tangu gari lipite, neno lilikuwa limeongezeka lenyewe, kinywa kwa kinywa, hadi likawa hivi: sindano za Wakasai zinaua watoto wa wenye nchi. Gari halikusema neno hilo. Halikuwa na haja. Wanawake walewale waliojipanga juani na karte zao sasa walifunga madirisha jirani alipopita. Mdogo wangu alikuwa hajachanjwa surua. Mama alimfunga mgongoni kutwa nzima, hata akiwa amekaa.

Jirani alikuja mchana mmoja wa mvua, kwa mlango wa jikoni, bila aproni. Ng'ambo ya ua tulisikia sufuria zao zikigongana. Lori la kuwapeleka stesheni lilikuwa linapakiwa.

"Mama, dawa ya surua imebakia kidogo," alimwambia mama. "Barafu inaisha. Nikiichanganya, ni ya leo tu, haiwezi kulala. Huyu mutoto hajachomwa."

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, redio magotini, sauti chini.

"Hatutaki," akasema.

"Tata, surua iko ku mustari wa chini. Hausikie vile batoto banakohoa?"

"Nasikia. Na mengine nasikia."

"Unasikia nini?"

Baba hakumtazama. "Basema sindano yenu inaua batoto betu."

"Huyu hapa, njo miye nilimuchoma." Alininyooshea kidole. "Alikufa?"

Baba na mama wakanigeukia. Nilisimama wima, sijui kwa nini, kama mtu anayepimwa urefu.

"Hakufa," mama akasema. "Anamaliza bukari yote mu nyumba."

Jirani alicheka kidogo. Ndicho kicheko cha mwisho nilichokisikia kwake. Baba hakucheka. Akasema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha:

"Sikiliza, mama. Ile sauti ya gari ilituambia tuchemshe maji. Tulichemsha, kuhara ikaisha. Ikatuambia tupeleke batoto ku mizani. Tulipeleka, miye mwenyewe nilipeleka, barafiki bakanicheka. Haikutudanganya hata siku moja. Sasa itatudanganya juu ya nini?"

Mvua iligonga bati. Jirani aliliweka sanduku juu ya meza, akapangusa matone kwenye kifuniko chake.

"Tata," akasema, "nusu ya ile sauti ilikuwa miye."

Nilimtazama baba. Alikuwa mtu wa kuamini. Alichokishika alikishika kwa mikono miwili, kama usukani wa lori lake. Nje, lori likapiga honi, mara moja kwa adabu, kisha tena bila adabu.

Mama hakuomba ruhusa. Alifungua kitenge, akamshusha mtoto, akakaa kwenye kigoda, akapandisha mkono wa kinguo hadi begani. Jirani akavunja kichupa, akachanganya dawa. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kama siku zote. Hapo baba akanyoosha mkono kwenye kitufe cha redio. Nilidhani anaizima. Akaikuza. Mtu fulani mwenye hasira alikuwa anahutubia, akisema tena habari za wenye nchi na wageni, na hotuba yake ikajaa jikoni, ikatoka dirishani, ikaenea barabarani. Chini yake mdogo wangu alilia kwa nguvu zake zote, na katika kambi nzima ni sisi tu tuliomsikia.

Baba alibaki ametazama ukuta, kidole kwenye kitufe, hadi mtoto aliponyamaza. Ndipo akaipunguza.

"Kiisha juma moja anaweza kupata joto," jirani alimwambia mama, sasa kwa sauti ya kunong'ona. "Si kufa, unasikia? Bakikuambia ni sindano inamuua, usikubali. Ni joto tu, inapita. Umupe maji mingi."

"Ya kuchemsha," mama akasema.

"Ya kuchemsha."

Nilitaka kuuliza kama binti yake yuko kwenye lori tayari, kama amekaa mbele au nyuma, kama mvua inampata. Jirani alinigusa kichwani akipita, akachukua sanduku lake, ambalo sasa halikuwa na kitu, akaliweka juu ya kichwa kujikinga mvua.

Mama akafungua mlango kidogo tu, akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akampisha. Jirani akateremka ngazi moja. Alianza kugeuka, pengine kutuaga. Mama alikwisha kufunga mlango, akasukuma komeo.