Vijiti vya Jaani

Kila wakaguzi wa taka wanapotarajiwa, jaa letu huogeshwa. Malori humwaga udongo juu ya uchafu, tingatinga likausawazisha, mpaka mgeni adhani ni shamba linalongoja mahindi. Funika kombe mwanaharamu apite. Sisi wa mtaa wa Kaptembwo, chini ya jaa, tulikuwa tukilicheka jambo hilo, hadi lilipomfikia mama yangu.

Mama ameokota chupa za plastiki pale tangu baba apoteze kazi kiwandani. Anajua anachokijua kila mwanamke wa jaani: takataka huungua chini kwa chini, miezi na miezi, na juu usione ila moshi mwembamba. Ukikanyaga hapo, unazama. Kwa hiyo anayegundua mahali penye moto huchomeka kijiti na kukifunga kitambaa chochote, hata kipande cha leso kuukuu. Hakuna anayeng'oa kijiti cha mwenzake, hata kama wamegombana mpaka hawasalimiani.

Safari moja, kabla ya ukaguzi, msimamizi wa jaa aliving'oa vyote. Aliona vinaharibu sura. Udongo ukamwagwa, wakaguzi wakaja, wakatazama wakiwa karibu na gari lao, wakaridhika, wakaenda zao. Kesho yake mama alirudi kazini, na mguu wake wa kulia ukazama hadi karibu na goti.

Sitaki kueleza nilichokiona hospitalini. Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda, na hasira hiyo ninayo bado. Mama alikaa nyumbani msimu mzima wa mvua. Alipoanza kutembea, akachukua gunia lake. Nikamsihi asirudi kule.

"Na tutakula hasira zako?" aliniuliza.

Wakaguzi walipotangazwa tena, nilipanda naye hadi jaani. Safari hii wanawake walikuwa wamekataa katakata. Kila mmoja alisimama kando ya kijiti chake, na msimamizi, kwa kununa kwake kote, ikambidi amwage udongo akivizunguka. Mkaguzi mmoja mwenye viatu vinavyong'aa aliamua kuingia ndani. Alipofika katikati akaona vitambaa kila upande, akasimama.

"Mathe, hizi vijiti ni za nini?"

Mama alipandisha rinda, akamwonyesha mguu. "Ni za hii."

Yule bwana aliutazama ule mguu, kisha akatazama chini alipokuwa amesimama. Akaogopa hata kugeuka. Moyo wangu ulifurahi, sitaficha. Nilimnong'oneza mama amwache atafute njia mwenyewe.

"Kuja, boss," mama akamwambia, akamshika mkono. "Kanyaga tu mahali mimi nakanyaga."

Akamwongoza, akichechemea, mpaka kwenye gari. Mkaguzi alishukuru sana, akapangusa viatu, wakaondoka. Mpaka leo malori yanamwaga udongo vilevile kabla ya wageni.

Siku ile, tulipokuwa tukishuka kwenda nyumbani, nilishindwa kuvumilia. "Mama, si ungemwacha! Angeungua hata kidogo, wangejua tunaishi aje."

Alisimama kuupumzisha mguu. Hakunikaripia. Aliniangalia kama anayenitambua upya.

"Angelia vile mimi nililia," akasema, "wewe ungefurahi?"

Nilitaka kumwambia hapana, lakini ingekuwa uongo.